Taa Mpya za Kipofu

Kabeya,

Umevuka mto kuwaaga wajomba zako, na najua hawatakuachia kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina saa tatu nne za kukaa na kalamu. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anakufungia mchele na samaki wa moshi, na kila akikumbuka jambo ananipigia kelele dirishani: "Baba Kabeya, umuandikie achemshe maji! Umuandikie asilale na nguo ya mvua!" Namjibu kwamba nimeandika. Sikuandika. Hayo amekwisha kukuambia mara kumi, na wewe si mtu wa kufundishwa kuchemsha maji.

Mimi nina habari moja tu, ya lori utakaloliendesha kesho asubuhi kwenda kwenye ghala la Pangi. Leo, watu wakiwa kanisani, nimeingia uwanja wa kampuni, nimelifungua lori hilo, nimekata waya za taa zake na kuzitupa, nikaweka zangu. Nilikuwa nimekatazwa kwa mdomo na kwa karatasi. Nimefanya, na sijutii. Lakini ni wewe utakayeshika usukani, kwa hiyo ni haki yako kujua nilichofanya na kwa nini, kabla mtu mwingine hajakueleza kwa namna yake.

Unajua lori lile linavyoitwa. Si sisi tuliolipa jina. Ni akina mama wa njia ya Pangi, ambao wakilisikia jioni huwavuta watoto kando: "Mutoke mu njia! Kipofu iko nakuja!" Wanasema hivyo tangu siku zangu. Maana mimi nililiendesha miaka minne, wakati wa vita, ulipokuwa mtoto wa darasa la pili. Baadaye uliwahi kuniuliza kwa nini niliacha usukani nikaenda karakana ya reli kushika grisi hadi nilipostaafu. Nilikujibu kwamba reli ilikuwa inatoa nyumba ya matofali. Nyumba ilikuwapo kweli. Sababu haikuwa hiyo.

Taa za Kipofu zilikuwa hafifu tangu siku ya kwanza. Rangi yake ilikuwa ya chai ya mgonjwa. Kwenye msitu, mvua ikinyesha, saa kumi na moja jioni ni giza tayari, na mimi nilikuwa naona boneti yangu na hatua sita za matope, basi. Nilimwambia meneja mzungu. Huyo ni yule yule utakayemkuta kesho, ingawa sasa nywele zimempungua. Sisi tulimwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimwomba lolote, hata kamba, jibu ni hilo. Nilimwomba mara nyingi. Siku moja, kwa ajabu, kesho ikafika: mashua ya mvuke ilileta kutoka Stanleyville ampuli mbili kubwa za taa, zenye nguvu mara mbili ya zile za zamani.

Bwana Kesho akawaita wafanyakazi wote uwanjani. Nikazifunga mwenyewe, injini ikiunguruma, na ukuta wa ghala ukang'aa. Watu wakapiga makofi.

"Unaona, Mukendi?" akasema. "Sasa hii njo gari kweli."

Nilikuwa nimeweka mkono chini ya dashibodi, nikagusa waya unaokwenda kwenye taa. Ulikuwa wa moto kama mkono wa sufuria. Na mimi, mwanangu, sikuwa mjinga wa mambo hayo. Kabla ya udereva nilikuwa nimefanya kazi kwenye nyaya za telegrafu kando ya reli, tangu nilipoletwa kutoka Kasai nikiwa kijana wa miaka kumi na saba. Nilijua kwamba ukiongeza nguvu ya ampuli bila kuongeza unene wa waya, ni kama kuupitisha mto Lualaba wote kwenye shina la mpapai. Nilijua pia kwamba umeme unaokwenda lazima upate njia ya kurudi. Kwenye telegrafu ulirudi kwa ardhi. Kwenye gari unarudi kwa chuma cha gari lenyewe, mafundi wanaita masi, na chuma cha Kipofu kilikuwa kutu tupu. Nilijua yote hayo nikiwa nimesimama pale. Lakini mtu mweusi kumfundisha mzungu umeme wake mbele ya watu hamsini, tena mtu wa kuja, asiye na ukoo Kindu! Nikasema: "Ndiyo, Bwana. Ni mwanga kabisa."

Hilo ndilo kosa la kwanza. Matokeo yake yalikuja baada ya wiki tatu.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi kutoka Pangi na mchele, mimi na Asumani. Wewe unamjua Asumani kama mzee mwenye magongo anayesuka ungo kwenye soko la mtaa wa Kasuku, anayekutania kwamba umerithi pua ya Wakasai. Wakati ule alikuwa msaidizi wangu, mtu mzima kama mimi, na hakuna aliyeweza kumshinda mbio. Mvua ilianza, nikawasha taa. Zikawaka vizuri. Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua, moshi ukatoka chini ya dashibodi, swichi ikayeyuka mkononi mwangu, na mbele yetu pakawa hapana kitu.

"Mukasai," Asumani akasema, "tulale hapa. Mchele haikimbie."

"Kivuko kitafungwa. Bwana atapiga kelele."

"Aache apige. Kelele haivunje muguu ya muntu."

Nilikataa. Tukafanya kama walivyofanya madereva wote wa njia ile taa zikiwafia: msaidizi anakaa nje, juu ya bati la gurudumu la mbele, anashika taa ya mafuta ya taa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anagonga boneti. Pigo moja, kulia. Mapigo mawili, kushoto. Akipiga mfululizo, simama. Tulikuwa tunajivunia ufundi huo. Tuliona kwamba dereva anayeweza kufika kwa kugongewa ni dereva kweli, na anayelala njiani ni mwanamke. Hakuna aliyetulazimisha kufikiri hivyo. Tulijifundisha wenyewe, tukacheka, na kampuni ikapata mchele wake kwa wakati.

Asumani akajifunika gunia kichwani akatoka. Tukaenda hivyo karibu saa nzima. Kwenye daraja la magogo nilisikia mapigo mawili, nikakata kushoto. Yalikuwa matatu, au yalikuwa mengi, na mvua ikayala mengine. Gurudumu likatoka kwenye gogo, lori likainama, na Asumani akateremka kati ya magogo, na uzito wote ukamfuata. Hakupiga kelele. Aliniita kwa jina langu, Mukendi, ambalo halitumii kamwe, na hapo nikajua kwamba ni vibaya.

Mguu walimkata chini ya goti.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kukuambia, wala mama yako halijui lote. Baada ya siku nane niliitwa ofisini. Mezani palikuwa na karatasi moja kwa Kifaransa, imepigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba taa za gari zilikuwa mpya na nzima, na kwamba msaidizi alipanda nje ya gari kwa hiari yake, akiwa amekunywa, dereva asijue. Asumani hakunywa tone siku ile. Chini palikuwa tayari na dole gumba lake. Walikuwa wamempelekea karatasi kitandani, wakamwambia ni ya dawa.

Kando ya karatasi hiyo Bwana Kesho alikuwa ameweka karatasi yangu ya kuhama, ile inayomruhusu mtu wa Kasai kukaa Kindu na mke na watoto. Hakuisema. Aliisogeza kidogo tu kwa kidole, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Bila kazi, karatasi hiyo haina nguvu. Bila karatasi hiyo, tungepakiwa kwenye treni wote, wewe, mama yako na dada yako mdogo, kwenda kijiji ambacho hamjawahi kukiona.

Kati ya wafanyakazi wote, mimi peke yangu niliweza kusoma Kifaransa kile. Nilisoma mara mbili, nikaelewa kila neno hadi nukta. Nikatia sahihi, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na mapadri.

Asumani akaachishwa kazi bila hata gongo la kutembelea. Magongo yake ya kwanza niliyachonga mimi. Alipotoka hospitali aliniuliza: "Wewe unajua kusoma. Ile karatasi ilisema nini?" Nikamjibu: "Ilisema umeumia." Nikakaa na jibu hilo miaka miwili. Niliacha udereva, nikahamia reli, nikasoma vitabu vingi zaidi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, na kila kitabu nilichofungua nilijiona nikisoma ili nisimwangalie mtu mmoja sokoni. Mwishowe nikaenda nikamwambia. Alikuwa anasuka; hakuinua kichwa.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Weye. Muntu hawezi kutoka jasho vile juu ya karatasi ya dawa. Nilikuwa nangojea uchoke kuibeba." Kisha akanitupia ungo uliokuwa na tundu. "Shika huu, Mukasai mubaya. Shona. Ukae hapa mpaka jua lizame, watu waone nimepata boyi."

Nilikaa mpaka jua likazama. Hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamuuliza.

Ndiyo maana, wiki mbili zilizopita, ulipoingia unaruka kwamba umepata kazi, na gari ni Kipofu, mama yako akapiga vigelegele na mimi nikatoka nje. Uliudhika. Ulidhani naona wivu, au kwamba nadharau kazi yako. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Kesho. Nilivaa koti.

Nikamwambia kwamba waya ni zile zile nyembamba, maana baada ya ajali fundi mzungu alirudisha waya mpya za unene ule ule na ampuli ndogo, giza likarudi mahali pake. Nikamwambia nitazibadilisha bure, kwa vifaa vyangu, kwa siku moja.

"Wewe iko muzee sasa, Mukendi. Pumuzika."

"Nitapumzika taa zikiwaka, Bwana."

Akanionyesha tangazo ukutani: mwenyeji yeyote, maana yake mtu mweusi, atakayegusa umeme wa gari la kampuni atafukuzwa. Limekaa pale tangu siku ya Asumani. Fundi mzungu anakuja kwa treni mara mbili kwa mwaka, tumngojee.

"Anakuja lini?"

Unajua alichojibu.

"Bwana," nikamwambia, "mtoto wangu anaondoka kabla ya kesho yako." Nikatoka bila kuaga. Katika miaka yote niliyokaa Kindu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpa mzungu mgongo kabla hajaniruhusu kuondoka. Kutoka hapo nikaenda sokoni.

Asumani alisikiliza, akauliza jambo moja: "Tunaanza saa ngapi?"

Leo asubuhi kengele ya misa ilipolia tuliingia uwanjani. Mlinzi alikuwa amesahau kufunga lango. Wewe humjui mlinzi huyo, na mimi simjui. Kwanza sikukata kitu. Niliwasha taa zile hafifu, nikachukua waya mmoja mnene, ncha moja nikaishika kwenye bakuli la taa, nyingine kwenye batri, upande wa masi. Taa ile ikafumbua macho pale pale, kabla sijabadilisha lolote. Tazama hapo, mwanangu: mwanga ulikuwapo kwenye batri miaka yote, ukipotelea njiani, kwenye kutu na kwenye uzi mwembamba. Asumani aliangalia, akatema mate chini, akasema, "Waya moja tu? Muguu yangu yote kwa waya moja tu?" Nikaanza kukwangua kutu.

Waya nilizoweka ni za shaba, nene kama kidole changu kidogo. Zilitoka kwenye mashine ya kuchomelea iliyokufa pale karakana. Nilipostaafu, mkubwa wa karakana aliniuliza nataka zawadi gani. Wazungu hupewa saa, sisi blanketi. Nilimwomba waya hizo. Alicheka akadhani nitazianikia nguo. Kwa hiyo hakuna cha wizi ndani ya gari lako. Zinatoka kwenye batri, zinapita kwenye fyuzi, halafu swichi ya kisu ya shaba niliyoifunga kushoto kwa usukani, halafu taa. Swichi ya zamani haihusiki tena na taa za mbele. Nimekwangua kutu hadi chuma cheupe, na kila taa ina waya wake wa kurudi hadi kwenye batri. Ampuli ni zile zile ndogo. Mtu akikushauri uweke kubwa, mwambie baba yako alikwisha jaribu.

Mabakuli ya fedha ndani ya taa yalikuwa meusi. Asumani aliyang'arisha kwa kitambaa laini, masizi ya kibatari na lutuku, kwa sababu pombe kali hiyo husafisha bila kukwaruza. Nusu chupa ilitumika kwenye taa. Nusu nyingine aliitumia Asumani, akaeleza kwamba kwa kuwa kampuni iliandika alikunywa, ni vizuri hatimaye karatasi yao iwe na ukweli kidogo. Tulipowasha, mchana kweupe, ukuta wa ghala ulibadilika rangi. Tulikaa chini tukautazama kama wazee wawili walioona sinema.

Sasa kesho. Bwana Kesho hufika ofisini saa moja. Nitakuwa mlangoni kabla yake, na koti langu. Nina karatasi mbili, zote kwa Kifaransa, na nimezinakili. Ya kwanza inasema kwamba mimi, Mukendi, nilibadilisha waya za taa peke yangu, mwanangu hayupo wala hajui; nawe ulikuwa ng'ambo ya mto, watu wengi ni mashahidi. Ya pili inasema kilichotokea kwenye daraja la magogo, na kilichoandikwa baadaye, na nani aliyekiandika, na nani aliyetia sahihi. Nimeisoma kwa Asumani kwa Kiswahili, polepole, akanirudisha mahali pawili nilipojipendelea. Kisha akaweka dole gumba lake. Nakala yake itakwenda kwa bwana wa wilaya. Pengine ataitia kwenye droo. Hata hivyo itakuwa ndani ya droo, na yule aliyeitia atajua iliko.

Mama yako ataogopa karatasi ya kuhama. Mwambie wewe umekua, dada yako ameolewa hapa hapa, na nyumba hii imeandikwa kwa jina la mjomba wako, nilihakikisha. Wakitaka kunirudisha Kasai, wanirudishe. Itabidi watume mtu wa kunitambulisha, maana huko hakuna aliye hai anayejua sura yangu. Nimeogopa kurudishwa miaka arobaini, na nimechoka kuogopa kijiji changu mwenyewe.

Wewe huenda ukafika Pangi na taa zako, na kampuni ikaona ni nafuu kunyamaza. Huenda pia wakakusimamisha getini na kuamuru waya zing'olewe. Hapo sikuamulii. Lakini nikuambie nilichokitamani mimi siku ya moshi ule: kuzima injini, kutoa ufunguo, kumrudishia mwenye gari. Mtu anaweza kurudi nyumbani kwa miguu bila kazi na akakuta chakula. Mama yako na mimi tumekwisha kula mihogo mitupu zamani na tunakumbuka inavyopikwa. Lakini mtu asikae juu ya bati la gari lako, Kabeya, hata akiomba mwenyewe, hata akisema anajua kugonga.

Kuna jambo moja la mwisho, si langu. Asumani anataka kupanda nawe kesho hadi kivukoni, aone taa zikivuka mto. Nilimwambia atarudije na magongo. Akanijibu kwamba alikwisha rudi kutoka mbali zaidi. Atakungojea getini. Mlango wa upande wa abiria unakwama. Uvute kutoka nje, kwa nguvu, kabla hajafika. Halafu usimshike mkono. Mwache apande mwenyewe, akae ndani.

Baba yako,
Mukendi